Diski uiite kwa jina lipi? Kulinganisha sda, UUID, lebo, PARTUUID na by-id kabla hujabadilisha draiva

Ofisi moja ya wanunuzi wa dagaa, hatua chache kutoka soko la Kirumba Mwaloni jijini Mwanza, ilikuwa na seva yenye diski tatu. Mfumo wenyewe ulikaa kwenye diski ndogo. Hesabu za mizani zilikaa kwenye diski kubwa iliyopachikwa /data, na diski ya tatu, ukubwa uleule, ilikuwa ya bakapu. Kila Jumapili usiku amri ya rsync ilinakili /data kwenda /bakapu, na kule ikafuta chochote ambacho huku hakipo. Jumamosi moja nilisasisha mfumo, nikauwasha upya. Ukawaka vizuri, bila kosa hata moja kwenye skrini. Nikafunga mlango, nikapanda daladala ya Nyegezi nikijua kazi imekwisha.

Jumatatu asubuhi karani akanipigia.

"Kaka, mbona magunia ya wiki nzima hayapo kwenye kompyuta?"

Diski ya data ilikuwa imechomekwa kwenye mazabodi, na ya bakapu kwenye kadi ya ziada. Kila upande una draiva yake, yaani programu inayouongoza. Keneli mpya, yaani kiini cha Linux, ilipakia draiva ya kadi kwanza, kwa hiyo diski iliyokuwa ikiitwa sdb ikawa sdc, na iliyokuwa sdc ikawa sdb. Faili langu la /etc/fstab, linaloorodhesha diski ipi ipachikwe wapi, lilisema /dev/sdb1 ndiyo /data, na mfumo ukatii. Wakati huo /data ilikuwa ni nakala ya Jumapili iliyopita. Ilipofika Jumapili usiku, rsync ikachukua nakala hiyo ya zamani na kuimwaga juu ya hesabu halisi za wiki ile. Karani na wenzake waliziingiza upya, gunia kwa gunia, kutoka kwenye vitabu vya risiti. Ziliwachukua siku nne.

Tangu siku hiyo sijaandika tena sdb kwenye fstab ya mtu. Lakini kusema "usitumie sdb" hakumsaidii mtu kuchagua, kwa sababu majina mbadala yako mengi na kila moja lina kitu kinacholiua. Hapa nayaweka bega kwa bega, ili uchague kulingana na mashine uliyonayo.

Kwa nini jina hubadilika

Kwenye Linux, majina kama sda hayatoki kwenye diski. Hutolewa na draiva, kwa kufuata aina ya draiva na foleni ya waliofika. Zamani diski za IDE zilikuwa na draiva yao, zikaitwa hda, hdb na kuendelea. Sda na sdb yalikuwa majina ya diski za SCSI. Kisha ikaja maktaba ya libata, ambayo huziweka diski za ATA (zikiwemo zile za IDE) chini ya mwavuli wa SCSI, na diski ileile, kwenye kebo ileile, ikaamka asubuhi ikiitwa sda. Fedora 7 ilifanya mabadiliko hayo mwaka 2007. Ubuntu walikuwa wamejiandaa mapema: toleo la 6.10 la mwaka 2006 tayari liliandika UUID, namba ya pekee iliyo ndani ya diski yenyewe, kwenye fstab. Debian walivuka kwenye toleo la 6.0, mwaka 2011, na wakati wa kusasisha kifurushi cha linux-base kilimuuliza mtumiaji kama anataka majina yake yageuzwe kuwa UUID. Waliojibu hapana bila kusoma ndio waliokutana na ujumbe kwamba /dev/hda1 haipo, kisha skrini nyeusi ya initramfs, ule mfumo mdogo wa muda unaowaka kwanza ili kuitafuta diski kuu. Draiva za zamani za IDE zenyewe ziliondolewa kabisa kwenye keneli 5.14, mwaka 2021.

Kuna jambo moja zaidi la enzi hizo ambalo linaonyesha kuwa jina halikuwa herufi tu. Draiva ya hda iliruhusu patisheni (vipande vya diski) hadi 63 kwenye diski moja. Upande wa sda wakati huo kikomo kilikuwa 15. Mwenye patisheni ishirini hakupoteza jina pekee, bali alipoteza njia ya kuzifikia zile za mwisho.

Usidhani hayo yamepita. Hamisha mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa ndani ya nyingine) kutoka diski ya IDE kwenda virtio, draiva ya mashine pepe, ili iende kasi, na sda inakuwa vda. Ipeleke kwenye Xen, mfumo mwingine wa mashine pepe, inakuwa xvda. Nunua diski ya NVMe, utakutana na nvme0n1p1. Badilisha kidhibiti cha RAID (safu ya diski zinazofanya kazi pamoja), foleni inapangwa upya.

Anayetaka kuona jambo hili kwa macho aende Mwaloni alfajiri mitumbwi inaporudi. Unaweza kusema "mtumbwi wa pili kutoka kulia", na leo utakuwa sahihi. Kesho wa pili kutoka kulia ni wa mtu mwingine. Mtumbwi huohuo una namba ya usajili iliyopakwa ubavuni, una jina ambalo mwenyewe amelichagua akalichora kwa rangi, na injini yake ina namba iliyogongwa kiwandani. Diski ni hivyohivyo: sdb ni nafasi ufukweni, UUID ni usajili, lebo ni jina la rangi, na by-id ni namba ya injini.

Maswali matano ya kupimia

Kila jina nimeliuliza maswali yaleyale. La kwanza: draiva ikibadilika, jina linabaki? La pili: diski ikihamia tundu jingine, au ikinunuliwa mpya mahali pake, inakuwaje? La tatu: ikifomatiwa upya, au ikinakiliwa nzima kwenda diski nyingine? La nne: mtu anaweza kulisoma na kulitamka kwenye simu? La tano: linaeleweka mapema kiasi gani mashine inapowaka?

Swali la nne watu wengi hulipuuza. Mimi nina wateja ng'ambo ya maji, na kosa linalohitaji mkono wangu linahitaji pia meli.

Jina la foleni: /dev/sda1, /dev/vda1, /dev/nvme0n1p1

Draiva ikibadilika, linakufa. Draiva isipobadilika bado linaweza kuhama, kwa sababu keneli haikuahidi kamwe kuwapanga kwa mpangilio uleule, na flashi iliyosahaulika kwenye poti ya USB yatosha kuivuruga foleni. Diski mpya ikiingia mahali pa ya zamani, jina linaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na hilo linaweza kuwa jema au balaa. Kufomati hakuligusi. Kunakili hakuligusi pia: nakala na asili zina majina mawili tofauti, hazigongani.

Kwa mtu kusoma, hakuna linaloshinda hili. Ni herufi tatu na namba. Na keneli inalielewa tangu mwanzo kabisa, bila msaada wa initramfs.

Kwa hiyo lina watu wake. Mashine yenye diski moja tu, isiyotarajiwa kuongezewa kitu, itaishi nalo miaka. Ukiwa umekaa mbele ya kompyuta unafanya kazi ya dakika kumi, andika sdb baada ya kuitazama kwa lsblk na usijisumbue. Kwenye mashine pepe zinazotengenezwa na kufutwa kila siku kutoka kiolezo kimoja, vda ni jina la kutosha kabisa. Hatari yake iko kwenye faili linalosomwa tena kesho wewe ukiwa hupo.

UUID ya mfumo wa faili

Hii ndiyo chaguo ambalo programu nyingi za kusakinisha Linux hukuwekea. Ni namba ya biti 128, herufi 36 ukihesabu vistari, na huandikwa ndani ya mfumo wa faili wakati wa kufomati. Kwenye fstab inakaa hivi:

UUID=5d0c8b1e-3e7b-4c9d-bd2e-8ecb1d0e4c3b /data ext4 defaults 0 2

Draiva ibadilike mara kumi, haitikisiki, kwa sababu inasomwa kutoka kwenye diski yenyewe. Hamisha diski kwenye tundu jingine, kwenye kasha la USB, kwenye kompyuta nyingine, bado ni ileile. Kwa tatizo tunalolizungumza, hapa ndipo penye usalama mkubwa kwa juhudi ndogo.

Inakufa kwa kufomati. Mtu akiendesha mkfs, namba mpya inazaliwa na fstab inabaki inamtafuta marehemu. Hili huumiza zaidi kwenye swap, sehemu ya diski inayosaidia RAM, maana ni rahisi kuiona swap kuwa kitu kisicho na thamani: unasakinisha Linux ya pili kwenye mashine hiyohiyo, kisakinishi kinafomati swap ya pamoja, na Linux ya kwanza inaanza kukaa sekunde 90 kila inapowaka ikiisubiri swap isiyokuwepo.

Na inapokutana na nakala inachanganyikiwa. Ukinakili diski nzima kwa amri ya dd, UUID inakwenda nayo. Ukiziacha zote mbili zimechomekwa, una mitumbwi miwili yenye usajili mmoja. Mfumo wa faili wa XFS hukataa kuzipachika zote mbili kwa pamoja, na kukataa huko ni wema. ext4 haikatai, unapata mojawapo, na hujui ipi. Dawa ni kuibadilisha nakala namba mara tu baada ya kunakili: tune2fs -U random kwa ext4, xfs_admin -U generate kwa XFS. Kama kawaida yako ni kunakili diski kwa dd na kuiacha nakala ndani ya mashine "kwa usalama", UUID haikufai mpaka ujizoeze hatua hiyo.

Tena si kila UUID ni ndefu. Flashi ya FAT ina herufi nane tu zilizogawanywa kwa kistari, na NTFS ina kumi na sita.

Sasa swali la kusoma. Shule moja ya Ukerewe nilikuwa nawatunzia seva ya chumba cha kompyuta. Mashine ikagoma kuwaka, na mwalimu wa zamu alikuwa tayari kunisaidia kwa simu kutoka Nansio. Mstari wa kuwashia ulihitaji UUID ya patisheni kuu, na nilikuwa nayo kwenye daftari langu.

"Mwalimu, andika tano, de, sifuri, se, nane, be..."

"Be au de?"

"Be. Be ya baba."

"Na kabla yake?"

Herufi za UUID ni a mpaka f, na b, c, d, e kwenye simu yenye upepo wa ziwa ni sauti moja. Tulijaribu mara tatu. Mara ya nne nikamwomba aandike root=/dev/sda1, ikawaka. Nilipokwenda wiki iliyofuata kwa meli, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuipa ile patisheni lebo.

Mapema wakati wa kuwaka, keneli peke yake haiielewi UUID ya mfumo wa faili. Ni initramfs ndiyo inayoitafuta. Kwenye Debian, Ubuntu na Fedora za kawaida initramfs ipo, hivyo hutaliona tatizo. Kwenye vifaa vidogo vinavyowaka bila initramfs, root=UUID haitafanya kazi.

Lebo

Lebo ni jina unalolichagua mwenyewe na kuliandika ndani ya mfumo wa faili, kwa mfano kwa e2label /dev/sda1 mzizi. Kwenye fstab unaandika LABEL=mzizi. Mahali inapokaa ni palepale inapokaa UUID, hivyo nguvu zake mbele ya draiva mpya ni zilezile, na diski ikihama tundu inahama na lebo yake.

Tofauti inaanzia kwenye kufomati. UUID ikipotea imepotea, lakini lebo unaiandika tena kwa mkono na mambo yanaendelea bila kugusa fstab. Diski ya bakapu ikifa, nunua nyingine, ifomati, iite bakapu, ichomeke. Hata fundi mwingine asiyejua seva yako anaweza kufanya hivyo kwa maelezo ya sentensi moja. Kwenye simu hakuna ubishi: mwalimu wa Nansio angeandika "mzizi" mara ya kwanza. Kwa initramfs hali ni ileile ya UUID.

Udhaifu wake ni wa kibinadamu. Namba ya biti 128 haijirudii kwa bahati mbaya. Jina "data" linajirudia kila mahali. Nilipokuwa mgeni wa lebo nilizipa kompyuta zote za shule ile lebo moja, mzizi. Siku moja ikafa, nikaichomoa diski yake nikaichomeka kwenye nyingine ili niokoe faili, na papo hapo mashine ikawa na mizizi miwili. Siku hizi naweka jina la mahali mbele: nansio-mzizi, nansio-data. Angalia urefu, maana ext4 inapokea herufi 16, XFS 12, na FAT 11. Neno nansio-mzizi lina 12 kamili, kwa hiyo linaingia kwenye XFS bila nafasi ya kubaki.

Lebo inamfaa mwenye mashine chache zinazohudumiwa na watu, hasa kama watu hao wako mbali naye. Haimfai mwenye mashine mia zilizozaliwa kutoka nakala moja, isipokuwa awe na utaratibu wa kuzipa majina tofauti.

PARTUUID

Hii inafanana na UUID kwa jina tu. Haiko ndani ya mfumo wa faili. Iko kwenye jedwali la patisheni. Kwenye GPT, jedwali la kisasa, ni ndefu kama UUID ya kawaida. Kwenye jedwali la kizamani la MBR ni saini ya diski yenye herufi nane, kisha kistari na namba ya patisheni, mfano 1b7c09e4-02.

Draiva ikibadilika, inabaki. Diski ikihama, inabaki. Ukifomati patisheni, inabaki, kwa sababu jedwali halijaguswa. Inakufa pale unapogawanya diski upya, na kwenye MBR hata kubadilisha mpangilio wa patisheni kunaweza kubadilisha ile namba ya mwisho. Ukinakili diski nzima kwa dd inanakiliwa pia, na dawa kwenye GPT ni sgdisk -G. Kusomeka, ile ya GPT ni mateso yaleyale ya Nansio. Ile ya MBR inavumilika.

Ubora wake wa pekee ni swali la tano: keneli inaielewa root=PARTUUID yenyewe, bila initramfs. Ndiyo maana kadi za Raspberry Pi huja zikiwa zimeandikwa hivyo kwenye cmdline.txt na kwenye fstab. Kama una vifaa vidogo vya aina hiyo, au umejijengea keneli isiyotumia initramfs, hapa ndipo pa kukaa.

by-id na by-path

Ndani ya /dev/disk kuna folda zaidi, na mbili kati yake hutaja chuma badala ya yaliyomo.

by-id hutumia modeli na namba ya kiwandani, kama ata- ikifuatiwa na modeli, kisha namba iliyo kwenye kibandiko cha diski. Hiki ndicho kinachoipa raha yake: unalisoma jina kwenye skrini, unafungua kasha, unalinganisha na kibandiko, na unachomoa diski sahihi. Kufomati hakuligusi, kunakili hakuligusi, kwa sababu nakala iko kwenye chuma kingine. Kwa safu za ZFS na RAID, na kwa amri yoyote inayofuta diski nzima, ndilo jina ninaloliamini zaidi.

Mbele ya mabadiliko ya draiva lakini, lina nyufa. Kiambishi cha mwanzo hutokana na njia ambayo diski imefikiwa. Itoe kwenye SATA uitie kwenye kasha la USB, na ata- inaweza kuwa usb- na modeli ya kasha badala ya modeli ya diski. Kidhibiti cha RAID huzificha namba za diski na kutoa yake. Kwenye mashine pepe ni wazi zaidi: diski ya IDE ya QEMU hujiita ata-QEMU_HARDDISK_QM00001, ukiibadilisha kuwa virtio bila kuipa namba kwa mkono, kiungo cha by-id hakipo kabisa. Yaani jina ambalo kwenye chuma halisi ni imara kuliko yote, kwenye mashine pepe linaweza kuzimika siku ileile unayobadilisha draiva. Diski nyingi zina pia jina la wwn-, ambalo huvumilia kubadilishwa kwa vidhibiti vya SATA vizuri kuliko ata-.

by-path hutaja tundu: kadi ipi, poti ya ngapi. Diski mpya ikiingia kwenye tundu hilo inarithi jina, na hilo ndilo unalolitaka kama una kasha la diski kumi na mbili na unasema "ya tundu la tatu imekufa". Mbele ya draiva mpya usiliamini. Nimeona poti ileile ikisomeka -scsi-0:0:0:0 kwenye mfumo wa zamani na -ata-1 kwenye mpya.

LVM na mifumo ya jamii ya BSD

Anayetumia LVM, tabaka la Linux linalounganisha na kugawa diski, mara nyingi amejikinga bila kujua. LVM hutafuta vipande vyake kwa namba ilizoziandika yenyewe ndani ya diski, kisha inakupa jina kama /dev/mapper/ziwa-data, linalosomeka kama lebo na lisilojali draiva. Kufomati hakuliui. Kunakili diski kunaleta malalamiko ya vipande pacha, na vgimportclone ndiyo dawa. Mahali pa kuchunguza ni pawili: kichujio cha zamani ndani ya lvm.conf kinachotaja /dev/sda kwa jina, na kwenye jamii ya Red Hat 9, faili la /etc/lvm/devices/system.devices. Faili hilo hukumbuka utambulisho wa chuma. Ukihamisha mashine pepe kwenda mwenyeji mwingine, diski ipo, data ipo, na LVM inasema haioni kitu, mpaka orodha hiyo isahihishwe kwa lvmdevices.

FreeBSD walipita tundu lilelile la sindano kwenye toleo la 9.0, mwaka 2012, ad4 ilipogeuka ada0. Waliweka viungo vya majina ya zamani ili mashine zisife, lakini ushauri ni uleule: patisheni ya GPT ipe lebo na uitaje kwa /dev/gpt/. OpenBSD wana DUID yenye herufi 16, na kisakinishi chao huijaza kwenye fstab.

Kitu ambacho jina zuri haliponyi

Nimeona watu wakibadilisha fstab yote kuwa UUID, wakabadilisha draiva, na mashine ikagoma vilevile. Jina sahihi halina maana kama draiva mpya haimo ndani ya initramfs, kwa kuwa diski haionekani na hakuna wa kusomewa UUID. Kwenye Debian na Ubuntu, tazama /etc/initramfs-tools/initramfs.conf: MODULES=dep hubeba draiva za mashine ya leo tu, MODULES=most hubeba karibu zote. Weka most, kisha update-initramfs -u -k all. Kwenye Fedora na ndugu zake, dracut nayo hupunguza kulingana na mashine, kwa hiyo jenga kwa --no-hostonly kabla ya kuhama. Fundi wa Windows anaujua ugonjwa huu kwa jina la INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, baada ya kubadilisha IDE kuwa AHCI kwenye BIOS.

Pia majina hujificha nje ya fstab. Yapo kwenye /etc/default/grub, kwenye crypttab, kwenye mpangilio wa resume wa swap, kwenye smartd.conf, na kwenye hati ndogo (skripti) za bakapu ambazo mtu aliziandika miaka mitano iliyopita. Na GRUB ina hesabu yake: hd0 ya GRUB haina uhusiano wowote na hda ya keneli.

Kwa hali yako

Kompyuta ya nyumbani au dukani, diski moja au mbili, hakuna anayenakili diski: acha UUID iliyowekwa na kisakinishi. Swap ukiifomati, kumbuka kubadilisha mstari wake.

Seva ya shule, zahanati au ofisi iliyo mbali, ambako mkono wa karibu ni wa mwalimu au karani: lebo, zenye jina la mahali mbele. Diski ya bakapu ongezea nofail na x-systemd.device-timeout=10s, ili ikikosekana mashine iwake na watu wafanye kazi. Na hati ya bakapu ianze kwa mountpoint -q /bakapu || exit 1, isije ikanakili kwenye folda tupu. Mimi huweka pia faili dogo ndani ya diski ya bakapu, ambalo rsync imeambiwa isilifute, na hati inakataa kuendelea isipoliona. Faili hilo lingekuwepo Mwaloni, wiki ile isingepotea.

Mashine pepe unayotaka kuihamishia virtio au kwa mwenyeji mwingine: UUID, lebo au LVM, na uondoe kila by-id kabla ya kuhama. Initramfs kwanza, draiva baadaye.

Kifaa kidogo kinachowaka bila initramfs: PARTUUID.

Safu ya diski nyingi unazozitoa na kuzibadilisha: by-id au wwn- kwa kuijenga safu, by-path kama unafuata namba za matundu. Kisha mfumo wa faili ulio juu ya safu uite kwa UUID au lebo.

Unayenakili diski mara kwa mara: lolote kati ya haya, ila nakala ibadilishwe namba au ichomolewe kabla ya kuwasha.

Na usiku wa mabadiliko yenyewe, yeyote uliye, endesha lsblk -f na blkid uhifadhi majibu yake kwenye karatasi, endesha findmnt --verify uone kama fstab inasomeka, kisha grep -rnE '/dev/(hd|sd|vd|xvd|nvme)' /etc /usr/local /root na usome kila mstari unaotoka. Mstari wa sdb wa ofisi ile ya dagaa ungetoka hapo mara mbili: mmoja ndani ya fstab, mwingine ndani ya hati ya bakapu.